Kwenu Mgeni Hupewa Nini?



Leo nataka tuzungumze habari ya kula. Najua wapo watakaosema kwamba kula si jambo la kupotezea dakika za redio wakati barabara za vijijini zinakatika kwa mvua na mkulima analia na bei ya pembejeo. Nawaomba radhi, na nawaomba subira. Tutaanzia mbali, visiwani, lakini mwisho wa safari tutajikuta tumerudi kwenye kahawa. Na kahawa, kwetu sisi wa Karagwe na Kyerwa, ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari ya kijana.

Ilikuwa hivi. Binti wa marehemu dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nkwenda wilayani Kyerwa, alifunga ndoa na mwalimu mwenzake. Shule zilipokaribia kufungwa mwezi wa Desemba, walikuja kwangu Kayanga kuniaga kama ilivyo desturi, maana walikuwa na safari ya fungate. Nikamtuma mtoto dukani akaleta soda na biskuti. Tulipokwisha kujuliana hali, binti akaniuliza swali.

"Mjomba," akasema, "wewe ni mtu wa redio, hukosi habari. Tumeona kwenye televisheni watu wa Hispania wamekaa barazani, mbele yao wana visahani vidogo vidogo. Hiki kina samaki, hiki kina zeituni, hiki kina viazi. Wanakula kidogo, wanaongea sana. Wanaviita tapas. Nasi tunataka fungate yetu iwe kisiwani, na tule namna ile. Twende kisiwa gani, na fedha ya walimu wawili itoshe?"

Mumewe akainamisha kichwa. Nadhani aliona mkewe ameuliza upuuzi mbele ya mjomba mtu. Mimi sikuona upuuzi. Mtu anayejiwekea akiba mwaka mzima ili apumzike siku chache ana haki ya kujua atakula wapi na atakula nini. Nikawajibu kwa kirefu, na nitayarudia hapa niliyowaambia, kwa sababu najua wapo wengi mjini wanaopanga safari kama ile.

Kwanza tuijue hiyo tapas yenyewe. Neno tapa kwa Kihispania maana yake ni kifuniko. Inasimuliwa kwamba wenye vilabu vya mvinyo kusini mwa nchi ile walikuwa wakifunika bilauri ya mteja kwa kipande cha mkate au cha nyama ili nzi wasitumbukie. Mteja akaona kifuniko kinalika, akakila. Masimulizi ni masimulizi, lakini desturi yenyewe ipo. Katika mji wa Granada, mtu akiagiza kinywaji, aghalabu huletewa na kisahani cha kitu cha kutafuna bila kuongezwa bei. Mhispania hali chakula chake cha usiku mapema kama sisi. Saa tatu au saa nne za usiku kwake bado ni mapema. Kwa hiyo jioni hupita kilabu hiki akatafuna hiki, akahamia kilabu cha pili akatafuna kile, huku akizungumza na rafiki zake.

Visiwa vya Hispania navyo vina namna zao. Mwenye uwezo wa nauli akifika Mallorca, aingie mji wa Palma, aende kwenye soko la Olivar au la Santa Catalina, ambako samaki huuzwa upande huu na visahani huliwa upande ule. Huko wana sahani iitwayo variat, ambayo ni mchanganyiko wa tapas kadhaa kwenye sahani moja, na wana mkate unaopakwa nyanya na mafuta ya zeituni. Muislamu awe mwangalifu tu, maana soseji yao maarufu ni ya nguruwe. Na yeyote atakayefika visiwa vya Canary, ambavyo ni vya Hispania lakini viko jirani na pwani ya Morocco, aombe viazi vidogo vinavyochemshwa na maganda katika maji ya chumvi nyingi mpaka vikajikunja ngozi kama mzee, kisha huliwa kwa mchuzi wa pilipili na vitunguu saumu. Ni chakula cha watu wa kawaida, na ndicho wageni wanachokikumbuka wakirudi kwao.

Lakini nauli ya Hispania si ya mwalimu wa Nkwenda, wala si ya mwandishi wa habari wa Kayanga. Nikamwambia binti, "Mwanangu, usitafute tapas. Tafuta asusa." Neno tunalo wenyewe. Asusa ni kile kidogo mtu anachotafuna huku anakunywa, au huku anasubiri chakula, ili njaa itulie na mazungumzo yaendelee. Kila penye watu wanaokaa pamoja jioni pana asusa. Kazi yako msafiri ni kujua wenyeji wa kisiwa wanakaa wapi jioni.

Tukavipitia visiwa kimoja kimoja, tukianza na vya jirani. Ukisimama ufukweni Bukoba unakiona Musira, kile kisiwa cha mwamba kilicho mbele ya mji. Unapanda mtumbwi asubuhi, unarudi kabla jua halijazama. Ni matembezi mazuri, ila nilimwambia abebe chakula chake, na asusa ale atakaporudi mjini Bukoba, samaki wa kukaanga na ndizi, huku anatazama alikotoka. Rubondo ni kisiwa na ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Watu wa Karagwe hukiendea kwa kupitia Biharamulo na Chato, kisha boti. Huko utamwona nzohe na sokwe, lakini huli jioni ukizunguka meza za wachuuzi. Unakula ulichobeba au unacholetewa ulipofikia. Kwa anayetaka ukimya, hakuna pazuri kama pale. Kwa anayetaka kula huku anapiga soga na watu, si mahali pake. Ukerewe ni kisiwa kikubwa chenye wakulima na wavuvi; unavuka kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio, na sato wa pale ametoka majini siku hiyo hiyo. Ukerewe ungeweza kuwafaa.

Binti akanitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kuamua. Akasema, "Mjomba, tunataka bahari." Basi, nikajua kumekwisha. Ni Unguja.

Unguja inajibu swali lake kuliko kisiwa kingine chochote cha nchi hii. Jua likizama, wachuuzi hupanga meza zao katika bustani ya Forodhani, mbele ya Mji Mkongwe, mji ambao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Bustani ile ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Hapo utakuta mishikaki, pweza, kamba, kachori, katlesi, mkate wa kumimina, na ile wanayoiita piza ya Zanzibar, ambayo ni unga uliotandazwa mwembamba, ukatiwa nyama, yai na vitunguu, ukakunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Kinywaji chake ni maji ya miwa, yanakamuliwa mbele yako kwa ndimu na tangawizi. Mchana, vichochoroni, utaupata urojo, ule mchuzi mzito wa manjano wenye uchachu wa embe bichi au ndimu, ndani yake mna bajia, viazi, kachori na vipande vya mshikaki, juu yake chenga za muhogo wa kukaanga. Bakuli moja la urojo ni tapas sita zilizoamua kuishi nyumba moja.

Nikampa na masharti, nayo nayatoa kwenu bure. La kwanza, fika mapema jioni na usikae. Zunguka meza zote mara moja, mikono mfukoni, utazame. La pili, uliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani. Kuuliza bei si ushamba. Ushamba ni kula kwanza na kubishana baadaye. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma, katika mji mmoja wa pwani ambao sitautaja, niliwahi kujaziwa sahani na mchuuzi mchangamfu aliyeniita kaka kila neno, na hesabu ilipokuja nikaona ule ukaka ulikuwa na bei yake. La tatu, kula kinachopikwa sasa hivi, usile kinachopashwa moto. Samaki aliyekaa mezani tangu jioni ya jana anajulikana kwa ukavu wake, mwache. La nne, pale wenyeji wanapopanga foleni na watoto wao, panga nawe. Pale walipojaa wageni watupu wenye kamera, pita. La tano, kula kidogo meza hii, kidogo meza ile. Ukishiba meza ya kwanza umeharibu safari.

Nikamwongezea la adabu. Unguja ni kisiwa cha Waislamu. Asusa yao haiendi na bia, na mtu hatembei barabarani na chupa. Avae nguo ya heshima aingiapo mjini. Na ikiwa safari imeangukia mwezi wa Ramadhani, asitafune hadharani mchana. Asubiri magharibi, naye atakuta futari ambazo hatazisahau, maana mwezi ule ndipo kina mama wa pwani huonyesha ufundi wao wote.

Wakaondoka. Wakapanda basi hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya siku nzima, wakapanda boti, wakafika. Januari, kabla shule hazijafunguliwa, wakanirudia Kayanga wakiwa wamejaa habari na wameniletea kifurushi cha karafuu na halua. Nikamtuma mtoto dukani. Akaleta soda na biskuti.

Ndugu msikilizaji, hapa ndipo mazungumzo yetu ya leo yalipozaliwa.

Binti akanieleza waliyoyala, na macho yakimng'aa. Kisha akapunguza sauti. Akasema jioni moja, walipokuwa wanazurura Mji Mkongwe, walifika kwenye kijiuwanja wanachokiita Jaws Corner, ambako wanaume huketi kwenye mabaraza wakicheza bao na dama na kubishana siasa, na muuza kahawa huwamiminia kahawa chungu katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Wakakaribishwa, wakakaa. Mzee mmoja mwenye kanzu akawauliza wanatoka wapi. Mume wa binti akajibu, "Tunatoka Kagera, mzee, wilaya ya Kyerwa. Zamani ilikuwa Karagwe."

Mzee akafurahi. "Aa! Kwenye kahawa! Enhe, hebu tuambieni, nyinyi mnaoilima mnainywaje?"

Binti anasema walitazamana yeye na mumewe. Mume akajibu, "Hatuinywi sana, mzee. Tunaiuza."

Mzee akatikisa kichwa, akageuza kikombe chake. Akauliza tena, kwa upole kabisa, "Basi mgeni akija kwenu hupewa nini?"

"Mjomba," binti akaniambia, "nilitaka kusema kitu, sikupata. Nikasema soda." Wazee wote pale barazani wakacheka, si kwa dharau, wakamsukumia kashata. Lakini yeye kashata haikumpita kooni vizuri.

Nami pale kwangu nikaitazama ile chupa ya soda iliyokuwa mbele yake juu ya stuli, na zile biskuti zilizotengenezwa nisikokujua, na biskuti yangu nayo haikunipita kooni vizuri. Kwa sababu jibu la swali la yule mzee lipo, na mimi nimelelewa nalo, na sikuwa nimemrithisha mtoto wa dada yangu.

Jibu ni akamwani.

Kwa msomaji wa mjini asiyejua, nieleze. Karne nyingi kabla Mjerumani hajafika kwenye nchi hizi, mbuni ulikuwepo mashambani kwetu, na haukuwa wa kuuza mnadani wala wa kusagwa. Ulikuwa wa kutafuna. Buni za robusta huchumwa zikiwa hazijaiva sawasawa, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa juani mpaka zikakauka na kuwa nyeusi. Hutafunwa hivyo hivyo na ganda lake. Ladha yake mwanzoni ni chungu, kisha hugeuka, hubaki harufu mdomoni kama ya jani lililosagwa kiganjani, na usingizi hukimbia. Mgeni akiingia uani, kabla hajaulizwa shida iliyomleta, aliletewa kikapu kidogo cha kusukwa chenye akamwani. Alichukua punje chache, mwenyeji akachukua zake, wakatafuna pamoja. Hapo ndipo habari zilipoanza.

Na haikuwa asusa tu. Watu wawili walipofanya udugu wa kuchanjiana, punje za kahawa ndizo zilizotiwa damu, kila mmoja akala ya mwenzake, na tangu siku hiyo mmoja hakuweza kumdhuru mwingine wala kumnyima hifadhi. Jaribu kumwambia mtu leo kwamba mtafanya udugu kwa biskuti.

Karagwe hii ina jina la ukarimu katika vitabu vya historia. Speke na Grant walipofika mwaka 1861 katika makao ya Mtemi Rumanyika huko Bweranyange, walipokelewa vizuri hata Speke akausifu ukarimu ule katika kitabu chake. Grant mguu ulimuuma asiweze kuendelea na safari, akaachwa pale kwa mtemi miezi kadhaa akiuguzwa. Stanley naye alipita mwaka 1876. Hawa walikuwa wageni wenye haja zao, na mengine yaliyofuata baada yao tunayajua. Lakini hakuna aliyeondoka Karagwe akaandika kwamba hatukujua kumpokea mgeni.

Tujiulize basi, imekuwaje? Najua sababu mojawapo, kwa kuwa niliiona kwa macho yangu. Kahawa ilipokuwa fedha, iliacha kuwa chakula. Mtoto aliyechuma punje za kutafuna alionekana amechuma ada yake ya shule. Na mzazi aliyebanwa na shida kabla ya mavuno akaiuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, ile biashara tunayoiita butura. Mtu aliyekwisha kuiuza kahawa yake mtini atatoa wapi punje za kumkaribisha mgeni? Mti umesimama shambani kwake, lakini matunda ni ya mwingine. Sababu nyingine ni aibu. Tulipokwenda shule tulifundishwa, si darasani bali kwa kutazamana, kwamba kutafuna buni ni mambo ya wazee wa kijijini, na mtu aliyestaarabika humpa mgeni kitu chenye lebo.

Sisemi kwamba akamwani imekufa. Haijafa. Mtu akishuka stendi ya mabasi Bukoba atawakuta wachuuzi wanaiuza katika vifurushi vidogo, na wasafiri wa usiku huinunua ili wasisinzie. Ninalosema ni kwamba imetoka kwenye kikapu cha mwenye nyumba, imekwenda kwenye mkono wa mchuuzi. Imebaki bidhaa, haijabaki salamu. Na kijana wa miaka ishirini na tano, aliyezaliwa katikati ya mibuni, anaulizwa swali rahisi na mzee wa Unguja, anakosa jibu.

Wala si akamwani peke yake. Hebu tuhesabu asusa zetu kama vile Mhispania anavyohesabu tapas zake. Tunao senene, ambao hushuka kwa wingi hasa kuanzia Novemba, wakakatwa mabawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Senene wa kukaangwa vizuri analia mdomoni kuliko kamba wa Forodhani, na nitasimamia neno hilo popote. Tunazo ndizi zile ndefu, nkonjwa, za kuchoma juu ya makaa mpaka sukari yake ikatoka jasho. Tuna mishikaki ya mbuzi. Tuna karanga na mahindi ya kuchoma. Kwa wanaokunywa, tuna rubisi ya ndizi, na kwa wasiokunywa, tuna togwa ya ndizi kabla haijachachuka. Weka vyote hivyo katika visahani sita, mbele ya baraza, jua linapozama nyuma ya milima ya Rwanda, kisha uniambie kama unahitaji nauli ya Mallorca.

Lakini visahani hivyo hukuti. Fika Kayanga, fika Omurushaka, fika Nkwenda, fika Murongo mpakani na Uganda. Ingia mgahawa wowote jioni ukaulize kuna nini. Aghalabu utaambiwa kuna chipsi, chipsi mayai, chipsi kuku. Sina ugomvi na chipsi, nami nazila. Ila mgeni hakusafiri kutwa nzima kuja kula kile alichokiacha kwao.

Na wageni wanakuja, ndugu msikilizaji. Tangu mwaka 2019 mapori yetu ya akiba yamekuwa hifadhi za taifa: Rumanyika-Karagwe, Ibanda-Kyerwa, na ile ya Burigi-Chato. Barabara ya lami imefika. Mgeni wa hifadhi hulala usiku mmoja au mbili, na jioni yake ni ndefu. Kama hatuna cha kumwekea mezani, atakula chipsi, atalala, ataondoka, na fedha yake itaondoka naye. Yule mama anayechoma ndizi kando ya barabara kwa abiria wa basi anaweza kuuza kisahani kilekile mbele ya nyumba ya wageni kwa faida nzuri zaidi, ikiwa mwenye nyumba ya wageni atamkaribisha badala ya kumfukuza. Forodhani haikujengwa kwa mahoteli. Imejengwa kwa meza za watu wenye mtaji mdogo, kila mmoja na kitu anachokijua sawasawa, wakapewa mahali penye taa na usafi. Hilo halmashauri zetu mbili zinaweza kuliiga bila kungoja mfadhili: mahali pamoja, taa, maji ya kunawa, choo safi, na bei zilizoandikwa.

Nitasikia mtu akisema, "Wewe unataka kutugeuza kivutio cha watalii." Hapana. Napenda mtu aelewe hapa. Wale wazee wa Jaws Corner hawanywi kahawa kwa ajili ya watalii. Wanakunywa kwa sababu ni jioni na wanapendana kubishana. Mgeni akipita, humsogezea kikombe. Wahispania nao tapas zao walizila wenyewe kwanza, na wageni wakafuata harufu. Penye chakula kinachopikwa kwa ajili ya mgeni tu, chakula hicho huwa kibaya na ghali, na ndiyo maana nilimwambia binti apite meza zisizo na wenyeji. Kwa hiyo tusianze na mtalii. Tuanze na jirani. Tuanze na mkwe anayekuja Jumapili.

Nami sitaki kuwa kama mchungaji anayehubiri toba akiwa amesimama mlangoni. Siku ile, binti alipokwisha kusema, nilinyamaza kitambo. Kisha nikampigia simu shangazi yake aliyebaki kijijini kwenye shamba la marehemu baba, nikamwuliza kama bado anakumbuka kuchemsha akamwani. Akacheka sana. Akasema, "Waitu, umekumbuka leo? Mimi ninayo ndani, lakini nyinyi wa mjini mkija hapa mnaomba chai ya maziwa." Nikanyamaza tena. Ni kweli tulikuwa tunaomba chai ya maziwa.

Wiki ya pili nikaenda, nikachuma naye, nikajifunza majani ni yapi na moto uwe kiasi gani, mambo ambayo mama alikuwa akiyafanya mbele ya macho yangu nami sikutazama. Ya kwanza niliiunguza. Ya pili ilikubali. Sasa pale sebuleni kwangu, juu ya ile stuli, kuna kikapu kidogo cha kusukwa. Wageni wengine wazima, wenye vyeo vyao, wamekitazama wakauliza ni dawa ya nini. Wengine, wazee hasa, wameingiza vidole bila kuuliza, wakatia punje mdomoni, wakafumba macho kidogo, wakaanza kuzungumza habari za watu waliokufa zamani.

Binti naye amechukua kifurushi chake, amekwenda nacho Nkwenda. Ananiambia ameweka punje chache mezani katika chumba cha walimu, na kwamba mwalimu mmoja anayetoka mkoa mwingine alitema ya kwanza na akaomba ya pili. Likizo ijayo wanataka kurudi Unguja, na safari hii wamekwisha kunionya kwamba lazima nichemshe nyingi, kwa sababu kuna mzee mmoja mwenye kanzu anadai jibu.

Ndugu msikilizaji, anayetaka kula vizuri kisiwani nimemwelekeza: aende jioni, aulize bei, afuate wenyeji, ale kidogo kidogo. Lakini kabla hajafunga begi, aweke humo kitu cha kwao cha kumsogezea mwenyeji wake. Maana asusa ni ya kupeana, na barazani kila anayekula huulizwa kwao kuna nini.

Hadi wiki ijayo, nawatakia jioni njema na mgeni mwema.